Ada imefutwa. Je, shule yetu ya yatima bado ina kazi? Karibuni tujadili

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Kabla kijiji hakijakaa kuliamua, nimeona nilimwage hapa mnishambulie mapema.

Niko Muleba, mkoa wa Kagera. Kata yetu ina sekondari mbili. Ya kwanza ni hizi za kata, zilizojengwa kwa michango ya wananchi wakati wa MMES, ule mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari. Ya pili ni ya wananchi wenyewe moja kwa moja: kiwanja kilitolewa na ukoo mmoja, mawe tulisomba sisi, mabati yakaletwa na wafadhili, na tangu siku ya kwanza ikatamkwa kuwa ni ya watoto yatima na wanaoishi katika mazingira magumu. Ina mabweni mawili na jiko. Mimi ni mjumbe wa bodi. Posho yangu ni chai na chapati siku ya kikao.

Kwa wageni wa mkoa huu: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Wazee wetu waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakiingia kutoka Uganda. Miaka ya tisini palikuwa na nyumba ambazo mkubwa wa familia ni mtoto wa darasa la sita. Shule za aina hii zilitoka huko, hazikutoka kwenye semina.

Sasa wenzangu wanasema hivi. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure tangu 2004, yatima wamepungua. Tangu Januari 2016 hakuna ada mpaka kidato cha nne. Mfadhili naye tangu korona mkono umekuwa mfupi. Kwa hiyo tuikabidhi shule kwa halmashauri, iwe ya kutwa kama ile nyingine. Kundi la pili linataka tubaki nayo ila tupokee watoto wa kulipia. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi nasema ada haikuwa mzigo mkuu hata kabla haijafutwa. Shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Wapo walioshindwa hata hiyo, nakubali, lakini nimekaa na walezi miaka mingi na najua kinachowatoa watoto shuleni. Mwezi Januari alinijia bibi mmoja. Akafungua pindo la khanga, akatoa fomu ya kujiunga ya mjukuu wake aliyepangiwa shule ya kata, imekunjwa mara nne na imelowa jasho. Hajui kusoma, akaomba nimsomee. Nikaanza: sare pea mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, jembe, fagio, ndoo, mchango wa chakula cha mchana. Kila kitu anaitikia "eeh". Nilipofika kwenye jembe akanikatiza: "Hilo ninalo. Endelea." Lilikuwa jembe lake la kulimia.

Huyo mtoto amefutiwa ada. Niambieni sasa amebakiwa na nini cha kumpeleka shule.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa shule ya kata

Mkuu, umeandika vizuri ila nakupinga. Ninafundisha shule kama hiyo unayoisemea kwa mbali. Serikali inaleta ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hazitoshi, hilo najua kuliko wewe. Lakini darasani kwangu yatima anakaa benchi moja na mtoto wa mwenye duka na hakuna anayejua nani ni nani. Kwenu je? Nimepita gulio la hapo. Watoto wenu wanajulikana kwa sweta. Muuza nyanya anasema "wape wale yatima hizo zilizopondeka". Kwa sauti, wao wakisikia. Miaka minne mtoto anatembea na msiba wake kifuani kama bango.

Na walimu? Msitufiche. Ajira za TAMISEMI, wizara inayoajiri walimu wa serikali, zikitoka tu, wenu wanafunga mabegi hata katikati ya muhula. Kuna wakati kidato cha nne hapo kwenu walikwenda kwenye mtihani wa taifa wakijifundisha fizikia wenyewe. Kabidhini shule, mwalimu alipwe na serikali, mambo yaishe.

Mleta mada

Kwenye fizikia umenipiga pabaya na sina la kujitetea. Sweta pia ni kweli. Lakini mwalimu, wewe unasema "hakuna anayejua nani ni nani" kana kwamba ni sifa. Asiyejulikana kuwa ni yatima hajulikani pia kuwa amelala njaa.

Mzee wa mjini

Wote tumesoma Mtakatifu Kayumba, hizi shule za kawaida za serikali, na tumekuwa watu. Acheni kudekeza watoto.

Niliyesoma shule kama hiyo

Mzee wa mjini, wewe ulikuwa unarudi nyumbani jioni kuna mtu amewasha moto.

Mimi ni wa Karagwe. Nililelewa na shangazi. Kutoka kwake hadi shule ya kata ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwenda tu. Wasichana wa kijiji chetu waliopangiwa huko walikuwa wanapanga geto karibu na shule. Nililala kwao siku tatu nikiwa nasubiri majibu ya nafasi kwenye shule ya yatima. Chumba kimoja, wasichana watatu, kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni, na mlango unafungwa kwa kamba. Jioni mwenye bodaboda anakuja na chipsi kwenye mfuko mweusi. Hakuna aliyemwita. Anakuja tu, kesho tena, kesho kutwa tena. Wawili kati ya wale watatu hawakufika kidato cha nne, na wakati ule ukishapata mimba ndiyo basi, ruhusa ya kurudi shule ilitangazwa Novemba 2021.

Mwalimu anasema kuhusu sweta. Kaka, jina la yatima liliniumiza, sidanganyi. Liliniumiza siku za gulio. Njaa ingeniuma kila siku.

Na kitu ambacho hakuna aliyekitaja: cheti cha kifo. Nilipomaliza kidato cha sita nikaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo wanataka uthibitishe uyatima kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Baba yangu alifia nyumbani, akazikwa mgombani kesho yake, hakuna karatasi hata moja. Matroni wetu alikuwa ameshalifanyia kazi hilo tangu tukiwa kidato cha pili. Alikuwa na daftari, kila mtoto na ukurasa wake: nani alikufa, lini, wapi, mwenyekiti gani wa kitongoji aliyeshuhudia. Akatupeleka wilayani kwa zamu, kwenye lori la ndizi. Shule ya watoto mia tisa nani atakuandikia ukurasa?

Msaidizi wa kisheria

Dada, pole na hongera. Lakini mimi naomba niharibu ladha kidogo, maana wote mnaongea kama bweni ni dawa isiyo na madhara.

Kesi ninazopokea nyingi ni za vibanja. Watu wa Kagera mnajua, kibanja ndicho mtu: migomba, kahawa na makaburi ya wazazi humo humo. Mtoto anapelekwa bweni akiwa na miaka kumi na minne. Likizo shule inambakiza kwa sababu "hana kwao". Miaka minne baadaye anarudi, baba mdogo ameng'oa kahawa, ameuza upande wa barabarani, na ukoo unamwambia "wewe ni mtoto wa shule ile". Kwa wasichana ni mbaya zaidi. Mahakama Kuu Mwanza ilishasema mwaka 1990, kwenye kesi ya Ephrahim na Pastory iliyotoka huku huku kwetu, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliandika hukumu nzuri sana. Hukumu haikai kibanjani kufukuza watu, lakini. Anayekaa kibanjani ni mtu.

Ningekuwa na hela za mfadhili wenu ningempa yule bibi wa jembe. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wanafanya hivyo kwa kaya maskini na mahudhurio ya mtoto yanaangaliwa. Mtoto abaki kwao, alime na bibi yake, mipaka aijue.

Niliyesoma shule kama hiyo

Na bibi akifa mtoto akiwa kidato cha pili?

Msaidizi wa kisheria

Hapo sina jibu. Ndiyo maana sikusema mfunge.

Mtu wa Unguja

Samahanini, nauliza tu. Yatima ni nani huko kwenu? Sisi tumesomeshwa ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Hapo naona mnahesabu na aliyefiwa na mama, na hao wa "mazingira magumu" ambao wazazi wapo. Nani anaandika orodha? Maana huku kwetu ikitangazwa futari ya yatima, yatima huongezeka.

Mleta mada

Hahaha, mzee wa Unguja umenishika. Orodha inaanzia kwenye kamati ya kijiji inayoshughulika na watoto walio katika mazingira hatarishi, kisha bodi inatembelea nyumba. Kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba kuna mwaka tulikuta mtoto wa kiongozi mmoja wa kijiji ana kitanda bwenini na baba yake ana pikipiki mbili. Tulimtoa, na tulichukiwa.

Mhasibu

Naongea juu ya hilo kundi la pili, la watoto wa kulipia. Nimefanya kazi ya hesabu kwenye shule iliyopita njia hiyo, siitaji. Mwaka wa kwanza walipokea wachache. Hela ikaonekana, jiko likapata masufuria mapya, kila mtu akafurahi. Mwaka wa pili wazazi wanaolipa wakaanza kuuliza divisheni one ziko ngapi. Mwaka wa tatu ukaletwa mchujo: asiyefikisha wastani anakariri au anahama. Nani hafikishi wastani? Ni yule aliyetoka kumuuguza mama. Hakuna kikao kilichoamua kuwafukuza yatima. Wastani ndio uliowatoa mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nawafutia majina kwenye leja.

Mkichukua wa kulipia, idadi iandikwe kwenye katiba ya shule, na mchujo upigwe marufuku humo humo. Msiseme "tutaangalia". Na kibao cha getini kibadilishwe, hakuna mzazi anayelipa atakayemleta mtoto penye neno yatima. Hapo mtakuwa mmemaliza na habari ya sweta.

Mleta mada

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, ya mwisho nikiwa shambani, ambako nusu ya migomba ya shule ina mnyauko (hilo nalo ni la kikao kingine).

Jumamosi nitasimama na haya. Shule tusiikabidhi, kwa sababu ikiwa ya kutwa bweni litageuka stoo. Hili bweni ukuta wake ulipasuka kwenye tetemeko la Septemba 2016, lile lililoziangusha sekondari za Ihungo na Nyakato, tukauziba wenyewe kwa mwiko. Siwezi kuliacha lihifadhi madawati mabovu. Wa kulipia wasizidi theluthi, iandikwe, bila mchujo. Kibao na sweta vibadilishwe. Na msaidizi wa kisheria amenigeuza kwenye moja: likizo watoto waende kwao, hata kama ni kwa mjomba asiyewapenda, na daftari la matroni liongezwe safu ya kibanja, kiko wapi na kinapakana na nani, mwenyekiti asaini mtoto akiwa kidato cha kwanza.

Kwa walimu bado nimekwama. Hapo mwalimu wa kata ana haki na sina njia.

Mwalimu wa shule ya kata

Bado naamini mtakuja kuikabidhi, kama si mwaka huu basi baadaye. Ila fizikia naweza kuja Jumamosi mbili kwa mwezi, nirudishiwe mafuta ya pikipiki tu. Lakini nisiwakute na lile sweta.

Mleta mada

Tumeshona ya kidato cha kwanza tayari, mkuu, yako stoo. Tutayapaka rangi.