Diski ya nje inaonekana kwenye lsblk (amri inayoorodhesha diski) lakini haifunguki tangu umeme ukatike

Mpigapicha, Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, nawasalimu. Natumia Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta ya mezani, na picha za harusi nilizopiga tangu 2019 zimo zote kwenye diski ya nje ya terabaiti 2 yenye mfumo wa mafaili wa NTFS, kwa kuwa mwenzangu wa studio hutumia Windows. Juzi jioni umeme ulikatika nikiwa bado nanakili mafaili. Tangu hapo lsblk huonyesha sdb1, yaani sehemu yenye picha, kwa ukubwa wake kamili, lakini kila nikijaribu kuifungua nakataliwa, na mara nyingine hupotea yenyewe kisha hurudi ikiitwa sdc. Sina nakala nyingine. Je, niendeshe ntfsfix, programu ya kurekebisha NTFS, au nitaziharibu picha za watu?

Msomaji, Himbi (Goma)
Pole sana, ndugu. NTFS huweka alama pale diski inapokatwa kabla ya kufungwa vizuri, na Linux ikiiona alama hiyo hukataa kuandika humo. Amri ya `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1` huiondoa. Yangu ilifunguka mara moja.

Fundi, Kampemba (Lubumbashi)
Naomba usiiendeshe bado. Mwenzetu wa Goma amesema kweli kuhusu alama, lakini diski inayopotea na kurudi kwa jina jipya haisumbuliwi na mfumo wa mafaili. Mawasiliano yake na kompyuta yanakatika, na ntfsfix huandika kwenye diski, jambo la hatari iwapo inaweza kuzimika katikati ya kuandikwa. Endesha `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, uchomeke diski, usome inachosema. Je, umeichomeka moja kwa moja, au kwenye kigawanyo cha USB (hub) kisicho na umeme wake? Mlango wa USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampia 500 na wa USB 3.0 hutoa 900, na diski ya kuzunguka inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine. Badilisha waya pia, uchague mfupi. Ikitulia, angalia afya yake kwa `sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`: mstari wa Current_Pending_Sector (sehemu zilizoshindwa kusomeka) ukizidi sifuri, acha kila kitu, uinakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kwenye nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo, na matengenezo yote uyafanyie kwenye nakala.

Mpigapicha, Kadutu (Bukavu)
Ilikuwa kwenye kigawanyo, na dmesg ilijaa maneno "reset SuperSpeed USB device", yaani kifaa cha USB kinaanzishwa upya. Nimeichomeka nyuma ya kompyuta kwa waya mwingine, na kwa saa nzima haijapotea. Mstari ulioutaja unaonyesha 0. Hata hivyo bado haifunguki: dmesg inasema "volume is dirty and "force" flag is not set!"

Fundi, Kampemba (Lubumbashi)
Sasa ndiyo ile alama ya diski isiyofungwa vizuri ("dirty"). Usiilazimishe kwa "force". Ifungue kwa kusoma tu: `sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdb1 /mnt`, kisha nakili picha zote kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kwenye diski nyingine, hata kama ni ya kuazima. Ukimaliza, ipeleke kwenye Windows ya mwenzako aendeshe `chkdsk /f`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa maana ntfsfix hurekebisha makosa machache tu na haichukui nafasi ya chkdsk. Wala usihamie exFAT, mfumo mwingine wa mafaili, kwa hasira: haina jarida la kumbukumbu za mabadiliko yanayoendelea kuandikwa, hivyo umeme ukikatika huumia zaidi.

Mpigapicha, Kadutu (Bukavu)
Imefunguka, na harusi za 2019 zinasomeka. Rsync inaendelea, chkdsk itafuata kesho. Asanteni nyote wawili.