Wanaopotea kati ya maabara na dawa za TB: rejista zetu zinaweza kutujibu?

TabibuEastlands
Hamjambo wenzangu. Mimi ni tabibu katika kliniki ya kifua ya kituo cha umma huku Eastlands, Nairobi, na kuna jambo linaniumiza. Mtu analeta makohozi, GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, inaonyesha anayo, jina linaingia kwenye rejista ya maabara, lakini kwenye rejista yetu ya matibabu halionekani. Ukipiga simu, imezimwa. Anwani ni "Mukuru, karibu na kanisa", na huko mtaa wa mabanda wa Mukuru kila kichochoro kina kanisa. Wakati huo anakohoa ndani ya chumba kimoja na watoto wake.

Nilipendekeza tufanye utafiti wa kiutendaji, yaani kutumia rekodi zetu wenyewe kujua huduma inakwama wapi. Nikaambiwa utafiti ni wa vyuo vikuu, sisi tutibu. Kuna aliyewahi kuufanya kituoni bila mfadhili? Nianzie wapi?

MratibuMstaafu
Mwanangu, usikubali hayo. Rejista unayojaza inatokana na kazi ya daktari wa TB, Dkt. Karel Styblo, aliyoianza na wenzake Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Iliundwa ili kila robo mwaka mratibu aulize: wale tulioanza nao matibabu wako wapi? Kwa hiyo kuuliza ni sehemu ya kutibu.

Tena majibu hubadilisha kazi. Utafiti wa kitaifa wa TB hapa Kenya wa 2015–2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na karibu nusu yao hawakuwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Miaka yote sisi tulikuwa tukiuliza hicho kikohozi kwanza! Ndiyo maana siku hizi eksirei ya kifua inasisitizwa hivi.

Swali lako liwe dogo: kati ya waliothibitishwa na maabara robo fulani, wangapi walianza dawa ndani ya wiki mbili, na wasioanza ni kina nani? Weka rejista mbili mezani, linganisha mstari kwa mstari. Kabla hujaandika kwamba mtu amepotea, mtafute kwenye TIBU, mfumo wa kielektroniki wa taifa wa wagonjwa wa TB, maana wengine huanzia kituo kingine. Wengine, kwa huzuni, utakuta wamefariki.

Kisha angalia tarehe. Mashine hutoa jibu kwa saa mbili hivi. Jibu likilala maabara hadi kesho kutwa, kibarua wa Industrial Area hawezi kurudi mara ya tatu. Atakuta nafasi yake ina mtu. Mimi naamini wengi tunawapoteza hapo, lakini usiniamini mimi, hesabu.

Mshirikishe mkuu wa kituo tangu siku ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayebadilisha ratiba. Ukitaka kuchapisha, tafuta idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na utumie namba badala ya majina. Ukipata nafasi kwenye SORT IT, kozi za kimataifa za utafiti wa kiutendaji, omba. Zilianza 2009 na zinafundisha wahudumu wa programu kama wewe, kuanzia swali hadi makala.

DadaMaabara
Naongea kutoka upande wa darubini. Fomu ikija bila namba ya simu, siwezi kuibuni. Kwetu tulikubaliana hivi: anayepokea makohozi anapiga namba anayopewa papo hapo, mgonjwa akiwa dirishani. Isipoita, tunaandika ya jirani, au ya mhudumu wa afya ya jamii anayemjua. Nakuomba uhesabu kabla ya kubadilisha chochote, halafu uhesabu tena baadaye. Bila hesabu ya kwanza hakuna atakayejua kama hilo dirisha lilisaidia.

TabibuEastlands
Asanteni sana, Mzee na Dada. Naanza na robo iliyopita, mkuu amekubali kunipa chumba cha rekodi Ijumaa mchana. Swali moja: makohozi yanayoletwa na kliniki za binafsi niyahesabu? Wenyewe hata hatuwaoni.

MratibuMstaafu
Wahesabu wote, ila waandikie safu yao. Majibu yao hurudi kwa kliniki iliyowatuma, na si kila kliniki ina dawa za TB. Ukichanganya makundi hayo mawili, utamlaumu karani wako kwa watu ambao hawakuwahi kufika mlangoni pake. Andika pia jina la kila kliniki na tarehe ilipochukua majibu. Mratibu wa kaunti ndogo atazihitaji akienda kuongea nao.