Reli ya zamani ya Kasese tuifanye njia ya baiskeli?

baiskeli_ks: Jamani wa Kasese, huku magharibi mwa Uganda, ile reli iliyofika 1956 kubeba shaba ya mgodi wa Kilembe imelala miaka mingi vichaka tu, na watoto wetu wanaenda shule pembeni ya barabara kuu malori yanawapita karibu mpaka roho inaniuma. Hatuwezi kuifanya njia ya miguu na baiskeli?

mama_matoke: Naunga mkono kabisa! Treni haiwezi mlima mkali, ndo maana tuta lake halina mwinuko mkali, hata mzee anapiga pedali bila kushuka.

fundi_barabara: Kokoto zile zinasumbua tairi, mwageni maramu (udongo mwekundu wa barabara) mshindilie, na vigingi mlangoni bodaboda zisiingie. Ila anzeni na shirika la reli, ardhi ni yao, na waliolima humo msiwasahau tafadhali.