Tupeane uzoefu: kitabu cha kwenu ulikipatia duka gani?

Mtu wa Nansio
Wakuu, salaam. Leo nimepita Mtaa wa Samora, nikaingia duka la vitabu la TPH hapa Dar, nikamkuta kijana wa chuo anamuuliza muuzaji, "Mna kitabu chochote cha kwetu Ukerewe?" Nilisimama hapo hapo. Swali hilo nililiuliza mimi miaka kumi na tatu iliyopita, humo humo dukani.

Nimezaliwa Nansio na nimesoma Nansio mpaka darasa la saba. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mzee wa kisiwani kwetu, Aniceti Kitereza, aliandika riwaya kubwa kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akakaa chini mwenyewe akaigeuza Kiswahili, ikatoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na tano ya kungoja! Haya yote niliyasikia kwa muuzaji wa duka, mtu wa Pwani ambaye hata ziwa hajaliona. Alishusha kitabu kutoka rafu ya juu, akakipangusa kwa mkono wa shati, akanifungulia pale Myombekere anapokwenda ukweni kumfuata mkewe Bugonoka, anatozwa pombe ya ndizi. Nikasoma nimesimama. Namna wanavyosalimiana mle, namna mkwe anavyokaribishwa, nilikuwa namsikia bibi yangu.

Nilikuwa na hela ya chakula cha siku tatu. Niliondoka na kitabu.

Na nyie wenzangu, cha kwenu mlikikuta wapi?

Shangazi wa Bwiru
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Mimi changu nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba Mwanza mjini, kimepangwa chini kwenye turubai katikati ya vitabu vya dini na vya kemia. Hakina jalada. Mpaka leo ninacho.

Kagunguli
Mkuu, usisahau Ukerewe ina mwandishi Kezilahabi pia. Riwaya yake Rosa Mistika, 1971, mambo yanaanzia kijijini Namagondo. Hicho ndicho kitabu cha Ukerewe, kile cha Kitereza ni kirefu mno na kijana wa leo hakimalizi.

Mtu wa Nansio
Kaka, sijamsahau Kezilahabi, ila kusema kitabu ni kirefu si hoja. Kitereza ameandika dawa za miti, uvuvi, mahari, maziko. Ukikata hapo umebaki na nini?

Kagunguli
Rosa Mistika ilizuiwa shuleni ilipotoka kwa sababu ilisema kweli. Kaka yangu alikuwa anaificha chini ya godoro bwenini. Kitabu kinachofichwa ndicho kinachosomwa.

Shangazi wa Bwiru
Wote wawili ni wetu, wanangu. Msigombane kwa vitabu viwili vya nyumba moja.

Kaka wa Kibokoni
Wa-Mombasa tupo. Duka nililokulia mimi lilikuwa chumba kimoja tu, Mji wa Kale, na mwenyewe hakukuuzia diwani mpaka umsomee beti moja kwa sauti. Ukikosea mizani alikurudisha mwanzo, "Hesabu mizani, mwanangu, nane kwa nane." Nilikwenda kutaka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mtu wetu wa Mombasa, aliyeyatunga yale mashairi akiwa kifungoni, 1969 hadi 1972. Mzee akanambia, "Yalandikwa kwenye karatasi ya chooni haya. Wewe una daftari nyumbani, waandika nini?" Sikuwa na jibu. Nlianza kutunga wiki ile.

Mpenda Kusoma
Nani ana pdf ya hivi vitabu? Naomba anitumie.

Kaka wa Kibokoni
Mtu asimulia habari ya mzee na duka lake, wewe waomba pdf. Maduka haya yafungwa kwa sababu yenu.

Mpenda Kusoma
Ndugu, niko Kahama. Duka la vitabu lililopo hapa mtaani kwangu linauza madaftari, kalamu na vitabu vya maswali ya mitihani, basi. Nimemwuliza mwenye duka riwaya akaniuliza ni ya darasa la ngapi. Nifanyeje? Nipande basi mpaka Dar kwa ajili ya kitabu kimoja?

Mtu wa Nansio
Hapo ana haki. Mikoani hali ni hiyo. Mwenye duka naye ana kodi ya kulipa, riwaya inakaa rafuni mwaka mzima, kitabu cha mtihani kinaondoka Januari. Mkuu wa Kahama, piga simu dukani, wengine wanakubali kutuma mzigo kwa basi.

Mwana wa Vuga
Naomba nami niandike, japo mkono unanitetemeka.

Marehemu baba alikuwa mwalimu, Lushoto. Alikuwa na kabati moja la vitabu na hukuligusa kabla hujanawa mikono. Humo mlikuwa na Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, chapa ya 1962, historia yetu sisi watu wa Usambara. Baba hakukisoma tu kile kitabu, alibishana nacho. Pembeni aliandika kwa wino wa buluu: "Hapa sivyo, Bumbuli wanasema vingine." "Muulize mama."

Alifariki 1998, mimi nikiwa Dar natafuta kazi. Nyumba ilipangishwa, mpangaji akataka nafasi, na ndugu mmoja akauza makaratasi yote kwa kilo. Sikuambiwa.

Narudi nyumbani, nashuka Mombo kungoja gari la kupanda Lushoto. Nikanunua karanga. Nikala, nikakunjua kile kikaratasi nikitupe, nikaona neno Mbegha, yule mwindaji aliye babu wa watawala Wakilindi, aliyeitwa kigego kwa sababu meno yake ya juu yaliota kwanza. Ni pale anapowinda nguruwe wa porini, wenyeji wanapewa nyama nao wanampa vyakula. Na pembeni, wino wa buluu. Herufi za baba, ile "g" yake ya mkia mrefu: "Kigego, lakini ndiye aliyewalisha." Mafuta ya karanga yalikuwa yamepenya mpaka maandishi unayasoma kwa nyuma.

Nikamrudia yule mama muuza karanga. Alikuwa na bunda zima chini ya sinia, limefungwa kwa katani. Nikamwambia nalitaka lote. Akaniangalia kama mgonjwa. Nikamwambia, "Mama, haya ni maandishi ya baba yangu, amefariki." Akanyamaza. Akatandika kanga yake chini, akaanza kufungua zile alizokwisha kunja, moja moja, karanga akizimimina kwenye kanga. Hela ya karatasi hakupokea. Lakini nyingine alikuwa ameziuza tangu asubuhi. Zilikwisha kuondoka na mabasi, nyingine Moshi, nyingine Arusha, nyingine Tanga. Watu wamekula karanga wakatupa dirishani.

Nilichokusanya nikakipeleka Tanga mjini, kwa mzee mmoja mwenye duka dogo la vitabu nyuma ya soko. Hakuwa na kitabu hicho. Akatoa daftari, akaandika jina la kitabu, jina langu, na namba ya simu ya jirani yetu. Juu ya jina langu kulikuwa na majina zaidi ya thelathini, karibu nusu yamekatwa mstari. Akaniambia, "Aliyekatwa ni aliyepata." Mara tatu nilipita kwake, kila mara analifungua lile daftari kabla sijauliza. Siku hizi pale wanauza vifaa vya simu. Jina langu halikukatwa.

Shangazi wa Bwiru
Nimesoma mara mbili. Pole, mwanangu.

Bint Pangani
Ya Rabbi.

Kagunguli
Mimi na ubishi wangu wa Rosa Mistika nimenyamaza.

Mkata Tiketi
Yule mama wa Mombo Mungu ambariki alipo. Ila huyo ndugu aliyeuza kwa kilo mlimfanya nini?

Mwana wa Vuga
Hakuna, mkuu. Hakujua kusoma. Kwake yalikuwa makaratasi.

Muscat hadi Malindi
Baba yangu alikuwa kuli bandarini Unguja, nasi tukahamia huku Muscat. Kila likizo napita dukani Darajani kabla ya kununua hata halua. Nilipoisoma Kuli ya Adam Shafi, mambo ya mgomo wa makuli wa 1948, nilimpigia simu baba usiku nikamsomea. Alinisahihisha majina ya magati! Nawaambia yakhe, vitabu kwanza ndani ya begi, nguo baadaye.

Fundi Jalada
Mwana wa Vuga, nina kazi ya kujalidi vitabu mwaka wa ishirini na mbili. Nisikilize. Usibandike selotepu hata kidogo, inageuka manjano na kula karatasi. Kwa mafuta, nyunyiza unga wa chaki, weka karatasi safi juu na chini, kandamiza na kitu kizito siku mbili tatu. Palipochanika tumia uji mwepesi wa ngano na karatasi laini.

Kaka wa Kibokoni
Uji wa ngano waita mende, fundi. Nyumbani kwetu twatia karafuu kabatini.

Shangazi wa Bwiru
Majani makavu ya mwarobaini. Na uvianike vitabu juani mara mbili kwa mwaka.

Fundi Jalada
Juani usianike, shangazi, wino wa buluu utapauka na huo ndio anaoulilia. Anika kivulini penye upepo.

Mpenda Kusoma
Nimewapigia Dar. Wamesema wananitumia kwa basi la Ijumaa. Na mimi nimemwambia jamaa wa hapa mtaani kwangu aandike majina ya vitabu tunavyotaka kwenye daftari. Tumeshakuwa watu wanne.

Bint Pangani
Kaka wa Vuga, nilitoka kwanza nikahakikishe. Ninacho. Habari za Wakilindi, chapa hiyo hiyo ya 1962, ya babu yangu, nzima. Umekosa kurasa zipi?

Mwana wa Vuga
Dada yangu. Karatasi saba, kuanzia 97 hadi 110. Ukurasa wa 96 unakatika katikati ya sentensi. Nimeusoma ule mstari miaka yote hii na sijui unaishia wapi.

Bint Pangani
Nakupigia picha sasa hivi uusome usiku huu. Kisha nitakunakilia zote kwa mkono, kwa wino mweusi ili usichanganyike na wa mzee. Pembeni nitaacha wazi.

Fundi Jalada
Aache upana wa vidole viwili upande wa mshono. Kazi ya kujalidi nitaifanya mimi, hela sitaki.

Mkata Tiketi
Mimi niko basi la Tanga kwenda Arusha, Mombo napita Jumanne na Alhamisi. Bahasha nipeni mimi.