Tupeane uzoefu: siku ya kwanza darasa la dansi ulivaa nini, na yakakukuta yapi?

Mama Tausi (Dar)

Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi saa kumi jioni naanza darasa la dansi, zile za ukumbini za kushikana wawili: walzi, tango, foksitroti na cha-cha. Aliyetaka ni mume wangu. Msiniulize kimempata nini, ana miaka 52 na hajawahi kucheza hata kwenye harusi yetu. Nimempigia mwalimu kuuliza tuvae nini, kanijibu, "Njoo na chochote unachojisikia huru nacho." Hilo si jibu. Mimi najisikia huru kwenye dera na ndala.

Kabatini nimetoa vitatu: gauni la kitenge la kubana, jinzi, na sketi ya marinda inayofika kwenye vifundo vya miguu. Viatu ni mchuchumio wa inchi nne au raba. Mliopita huko, semeni mlivaa nini na nini kilitokea. Nadharia sitaki.

Mbeba Mabox (Leicester)

Raba ziache. Mimi nilialikwa na mama mmoja mtu mzima tunayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee. Darasa liko ukumbi wa kanisa, sakafu ya mbao imesuguliwa mpaka unajiona. Nikaenda na raba mpya za kukimbilia, nikijua mazoezi ni mazoezi. Sasa raba imetengenezwa ing'ang'anie chini, na kwenye walzi kila baada ya hatua mbili tatu unageuka juu ya unyayo. Mwili ukageuka, goti likageuka nusu, mguu ukabaki pale pale. Wiki mbili nilipanda ngazi kama hao wazee ninaowahudumia.

Wenyewe wanavaa viatu vyenye soli ya swedi, ile ngozi ya vinyweleo. Inateleza kidogo, inashika kidogo. Vinyweleo vikilala na kuwa vyeusi wanavichana kwa brashi ya waya. Nje havitoki, maji yakigusa soli kwishnei, kwa hiyo wanavibeba kwenye vifuko vya kitambaa. Wazee wa pale hupanga safari ya Blackpool kuangalia mashindano, yale yalianza 1920, na ukiwaona kituoni na vile vifuko vyao utadhani wamebeba dhahabu.

Lakini usinunue sasa. Subiri uone kama huyo mzee atafika wiki ya nne. Kama huna kiatu kingine kabisa, babu mmoja alinionyesha ujanja: chukua soksi kuukuu, ikate pande zote mbili ibaki kama bomba, ivishe raba sehemu ya mbele. Kituko, ila goti langu lilipona.

Bwana Arusi Mstaafu (Nairobi)

Mimi sikutafuta dansi, dansi ilinitafuta. Mchumba alitaka tufungue ukumbi kwa walzi badala ya kuyumbayumba kama wengine, na harusi ilikuwa imebakisha miezi miwili. Nikatoka ofisini moja kwa moja na suti ya kubana.

Mwalimu akatupanga. Mkono wangu wa kushoto umeshika wake wa kulia, wa kulia uko nyuma penye mfupa wa bega lake, viwiko juu, na vikae huko wimbo mzima. Koti lote likapanda likafika masikioni, nikawa kobe. Kabla wimbo wa pili kuisha nikasikia "trrr" kwapani. Nikavua koti. Chini yake shati limelowa, na mchumba mkono wake unatakiwa kukaa hapo hapo juu karibu na bega. Alivumilia kwa sababu kadi zilikuwa zimeshachapishwa.

Kwa mzee wako: shati la pamba lenye nafasi kwapani, na la pili ndani ya begi. Hankachifu. Mkanda wenye chuma kikubwa aache nyumbani, unakwaruza tumbo la mwenzake. Kalamu na simu zitoke mifukoni pia, mimi nilimchoma mtu na kalamu kifuani nikidhani amenipenda sana ndiyo maana anaruka.

Bibi arusi alinizidi akili. Kila wiki alijifunga leso mbili kiunoni mpaka chini, ndiyo azoee urefu wa gauni. Siku yenyewe hakujikwaa hata mara moja. Aliyelikanyaga ni mimi, kwa viatu vipya ambavyo sikuwa nimevifanyia mazoezi.

Mama Tausi (Dar)

Nimecheka mpaka mtoto kaja kuangalia. Sasa gauni la kitenge?

Sato wa Mwanza

Nililivaa. Niliingia na mpasuo wa inchi sita, nikatoka na wa inchi kumi na nane. Nilipanda daladala nimejifunga sweta ya mume wa mtu kiunoni.

Binti Kibokoni (Mombasa)

Pole dada, lakini ndivyo. Huku kucheza wewe mwanamke ndiye unayerudi nyuma muda mwingi, na hatua yenyewe yatoka nyongani, si gotini. Nguo ikikubana mapaja huna hatua, wabaki kuruka kama ndege wa pwani, na mwenzako anakuja mbele hajui kuwa hujaondoka.

Darasa letu ni la wanawake peke yetu, nyumbani kwa mtu, kwa hiyo nilijipa uhuru nikaenda na dera. Kosa. Dera lina upana wa watu wawili na nusu, na ile nusu ndiyo iliyokwenda chini ya kiatu cha mwenzangu. Nikavutwa shingo. Mtandio nao niliutupia begani tu bila pini, tulipogeuka ncha ikamwondoa yule dada miwani.

Siku hizi navaa sketi ya solo inayoishia chini kidogo ya goti, taiti ndani, blauzi ya mikono ya kitambaa kinachovutika. Mtandio ni ule wa jezi, nauzungusha kichwani na ncha zote nazichomeka ndani, sitii pini hata moja. Bangili zote navua. Udi najifukiza, lakini si siku ya dansi, maana pua ya mwenzako iko shubiri moja kutoka shingoni mwako na hana pa kwenda.

Kaka Likasi (Lubumbashi, sasa Nairobi)

Mimi makosa yangu hayakuwa nguo peke yake. Waliandika "rumba". Nikasema, mimi mtoto wa Kongo nifundishwe rumba? Nikavaa kama naenda kuonekana: suruali pana ya pensi nne, yaani marinda manne ya mbele, koti la rangi ya haradali, viatu vya ngozi vyenye ncha, soli imepigwa chuma mbele na kisiginoni ili nikitembea watu wasikie.

Kumbe rumba yao ni nyingine, ya Cuba iliyopita Ulaya. Polepole sana, hatua inaanza kwenye pigo la pili, na goti lazima linyooke ndipo nyonga ikae. Mwalimu anatazama goti langu, halioni, limezama ndani ya pensi. Akaniambia nikunje suruali. Nikasimama mbele ya watu ishirini na koti la haradali na miguu nje kama mvuvi. Halafu akasikia vile vyuma juu ya mbao zake. Nilimalizia na soksi.

Na soksi peke yake, mama, usijaribu. Mbao zikiwa zimepigwa nta unakwenda kama sabuni.

Mzee wa Ngamiani (Tanga)

Vijana mnaongea kana kwamba mambo haya yameingia juzi. Walzi na foksitroti zilichezwa mijini Tanganyika tangu enzi za mkoloni, kulikuwa na vilabu vya dansi, watu wanavaa suti na tai kwenye joto hili la pwani, na muziki wetu wa dansi una mizizi humo. Hata neno lenyewe dansi, mnadhani tulilitoa wapi?

Mimi nilifundishwa na kaka yangu 1974, uani, kabla hajanipeleka ukumbini. Operesheni Vijana, ile kampeni ya vijana wa TANU, ilikuwa imeshapiga vita vimini na suruali za kubana tangu 1969, sisi tukakimbilia upande wa pili: suruali ya bugaluu, chini pana kama pazia, na raizoni miguuni, vile viatu vya soli nene. Nilionekana mrefu, hilo sikatai. Lakini na raizoni husikii sakafu. Unakanyaga mguu wa mtu unadhani ni ubao umelegea. Nilimkanyaga binti wa watu mara tatu, mara ya nne kisigino chake kikaingia ndani ya bugaluu langu tukaenda chini wote wawili, na bendi haikusimama.

Kaka akanivua yale madude, akanipa viatu vyake vya ofisini vya soli nyembamba ya ngozi. Vilinizidi namba moja, tukaweka gazeti mbele. Hapo ndipo nilipoanza kucheza.

Mwambie mumeo atafute kiatu cha kufunga kamba, soli ya ngozi, kisigino kifupi. Kama ana moka, atazitupa ukutani akigeuka. Nimeona.

Bibi Theluji (Hamburg)

Walio kwenye baridi nao wasome hapa. Huku vijana wengi hupelekwa darasa la dansi wakiwa na miaka kumi na tano hivi, kwa hiyo mimi nilikuwa shangazi wa miaka 41 katikati ya watu wanaojua. Ilikuwa Januari. Nilivaa suruali ya joto ndani, jinzi juu, sweta ya shingo ndefu. Baada ya cha-cha mbili nilikuwa nimeiva kama ubwabwa uliofunikwa, na siwezi kuvua kwa sababu ndani ya sweta nina fulana yenye picha ya mgombea.

Buti zangu zilikataliwa mlangoni, zina chumvi ya barabarani na inakwaruza mbao. Sikuwa na vingine. Nilikaa benchi nikaangalia mpaka mwenye ukumbi akaniazima vya marehemu mama yake. Vilinitosha, na vilikuwa na mkanda kifundoni, ndipo nilipoelewa kwa nini wanasisitiza mkanda: unarudi nyuma, kiatu kisicho na mkanda kinabaki mbele.

Mchuchumio wa inchi nne, Mama Tausi, hapana. Inchi mbili, mbili na nusu, kisigino kinene.

Mama Tausi (Dar)

Nimerudi. Mrejesho wa Jumamosi.

Sketi ya marinda nilimpelekea fundi Ijumaa akaipandisha hadi chini ya goti, elfu tatu. Taiti ndani, blauzi ya pamba. Viatu vya kisigino kifupi na mkanda nilizunguka soko la Karume nusu siku, nikapata kimoja kinachonitosha na kingine namba tofauti, muuzaji ananiambia ni pea. Kwa hiyo nikaenda na raba na zile soksi zilizokatwa.

Mzee alikataa ushauri wenu wote akavaa moka. Ya kulia iliruka kwenye kona ya kwanza, ikapita chini ya meza ya mwalimu. Mzee wa Ngamiani, shikamoo.

Mimi nimegeuka vizuri tu, goti zima. Na wakati wa kuondoka kuna mama mmoja, amependeza, viatu vya swedi na kifuko chake, kanivuta pembeni kwa sauti ya chini kaniuliza hizi za juu ya raba nimezinunua duka gani.