Kola za kufuatilia afya ya ng'ombe wa maziwa: je, zitafaa katika joto letu la Mombasa?

Mfugaji, Kisauni
Assalamu alaykum, ndugu wafugaji. Nina ng'ombe wanne, wote chotara wa Friesian, ninaowafugia bandani. Muuzaji mmoja ananishauri niwavishe kola zenye vihisi vinavyopima mwendo na muda wa kucheua, ili simu inipe taarifa mapema kabla ugonjwa haujajitokeza waziwazi. Wasiwasi wangu ni joto la Februari na Machi, ambapo ifikapo adhuhuri wote huacha majani na kuhema midomo wazi. Kola itatofautishaje joto na maradhi?

Daktari wa mifugo, Changamwe
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kola haitambui ugonjwa wowote. Hunasa mitikisiko ya shingo na taya, kisha programu hulinganisha kucheua kwa leo na kawaida ya ng'ombe yuyo huyo, ambayo kwa aliye mzima hukaribia saa 7 hadi 8 kwa siku. Joto kali hupunguza kula na kucheua. Kwa hivyo wote wakishuka pamoja mchana na kurejea usiku, shughulikia kivuli, upepo na maji. Anayenitia hofu ni yule anayeshuka peke yake na asiinuke hata kukipoa. Huyo mpime alfajiri kwa kipimajoto, maana mchana hata wazima hupanda. Kawaida ni nyuzi 38.5 hivi. Ukikuta 40 au zaidi, papasa chini ya sikio: tezi ikiwa imevimba, shuku ndigana kali inayoenezwa na kupe, na umwite daktari siku hiyo hiyo, kwani tiba ikichelewa ng'ombe hufa.

Mama mfugaji, Likoni
Ahsante, daktari. Kwangu faida kubwa imekuwa katika kupandisha. Katika joto hili dalili za kutaka dume huwa hafifu na mara nyingi hutokea usiku tumelala. Zikikupita, wasubiri siku 21 hivi huku ukilisha bila mimba. Kola huonyesha mwendo ulioongezeka usiku huo. Kabla hujalipa, ndugu yangu, muulize muuzaji taarifa huhifadhiwa kwa muda gani umeme ukikatika.

Mfugaji, Kisauni
Nawashukuru sana. Nilikusudia kuanza na mmoja tu, anayekaribia kuzaa.

Daktari wa mifugo, Changamwe
Huyo ndiye wa kwanza, kwa kuwa wiki chache baada ya kuzaa ndizo zenye maradhi mengi. Lakini mvishe na mwenzake, upate wa kulinganisha naye siku za joto.