Naomba ushauri: CD za Queen, toleo gani lina sauti nzuri?

Habari zenu ndugu wapenzi wa muziki. Nanunua CD za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, albamu moja moja, na nimekwama kwenye matoleo.

A Night at the Opera (1975) ninayo mara mbili: ya Hollywood Records ya Marekani ya 1991, yenye nyimbo mbili za ziada zilizochanganywa upya, na ile ya 2011 iliyosafishwa sauti upya na fundi mitambo Bob Ludwig. Nimezisikiliza kwa amplifaya na spika zilezile, nikiipunguza ya 2011 mpaka zilingane, maana inapiga juu zaidi. Hiyo ya 2011 besi ya John Deacon iko wazi, na zile sauti za kuitikia zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka nazisikia moja moja. Raha kweli! Ila usiku nikivaa hedifoni, baada ya nusu saa matoazi yananichoma masikio. Ya 1991 haichoshi, lakini gitaa la Brian May liko kama nyuma ya pazia. Na Freddie Mercury, mwimbaji wao mzaliwa wa Unguja, nataka nimsikie kama yuko mbele yangu.

Sasa natafuta Queen II (1974), ambayo imejaa sauti nyingi na naogopa isije ikawa kelele tupu. Je, nichukue ya 2011, au nihangaike kutafuta CD za kwanza za kampuni ya EMI za miaka ya 1980, hata kama zimetumika? Na mliozisikia hizo za EMI, matoazi yake yakoje kwenye hedifoni?

Natanguliza shukrani.